Nyumba Chini ya Nyumba



Wapenzi wasomaji, akina mama na akina baba, na vijana mnaosomewa safu hii baada ya chakula cha usiku: wiki hii twawaomba tuvuke bahari pamoja, twende kaskazini hadi katika visiwa vya Malta. Huko, katika kijiji kiitwacho Mġarr, pana mkahawa mmoja karibu na kanisa la kijiji. Watu huingia, huketi, huagiza chakula, wakala na kuzungumza kama watu walavyo na kuzungumza popote. Lakini chini ya miguu yao, kiasi cha mita 12 ndani ya mwamba, mna njia iliyochongwa kwa mikono yenye urefu wa zaidi ya mita 200. Kandokando ya njia hiyo mna vyumba vidogo. Katika vyumba hivyo, miaka zaidi ya themanini iliyopita, familia nzima zililala, zikapika, zikauguza wagonjwa, na kusubiri mngurumo wa ndege upite.

Tumeanza na mkahawa huo kwa sababu watufundisha jambo moja mapema: vita havimaliziki siku bunduki zinaponyamaza. Huacha nyumba chini ya nyumba. Watu wa juu huendelea na maisha yao, na ya chini yakabaki kimya, mpaka siku fundi anachimba msingi wa ghorofa jipya na sururu yake ikazama mahali pasipotarajiwa.

Lugha yetu yenyewe ina shahidi wa mambo haya. Neno handaki tulilirithi kutoka Kiarabu, khandaq, na kila mtoto wa madrasa anaijua habari ya khandaq ya Madina, iliyochimbwa kwa ushauri wa Salman al-Farisi, radhi za Allah ziwe juu yake, pale mji ulipokabiliwa na jeshi kubwa kuliko lake. Waliochimba walikuwa wenyeji wenyewe, kwa mikono yao, na njaa ikiwa matumboni. Tukiikumbuka picha hiyo, habari ya Malta haitakuwa ngeni kwetu.

Wala watu wa Malta wenyewe si wageni sana. Kisiwa chao kikuu ni kidogo, kilomita za mraba 246 tu. Unguja yakishinda zaidi ya mara sita. Waislamu walivitwaa visiwa hivyo mwaka 870 Miladia, wakavitawala kwa zaidi ya karne mbili, na ijapokuwa wenyeji wa leo kwa wingi wao ni Wakatoliki, lugha yao ilibaki na shina la Kiarabu. Wao husema sitta, sebgħa, disgħa pale tunaposema sita, saba, tisa. Bahari kwao ni baħar, na saa ni siegħa. Mji wao wa kale waitwa Mdina, na kitongoji kilichouzunguka ni Rabat. Wanawake wao, mpaka miaka ya vita ninayoisimulia, walikuwa wakitoka nje wamejitanda vazi jeusi pana lililofunika kichwa na mabega, liitwalo għonnella. Lau mmoja wao angepita Mji wa Kale jioni akiwa mbali kidogo, wengi wetu tungemsalimu tukidhani ni jirani aliyevaa buibui.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Malta ilikuwa koloni la Uingereza, na imekaa katikati ya njia ya bahari itokayo Italia kwenda Libya. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Asubuhi ya siku ya pili yake, ndege zake zilikuwa tayari juu ya visiwa, kwani kutoka Sicily hadi Malta ni yapata kilomita 90 tu. Watu walikuwa katika shughuli zao za asubuhi mabomu yalipoanza kuanguka. Wenyeji hawakuwa wameulizwa kama wanataka vita hivyo, wala hawakuwa na neno katika ugomvi wa wakubwa. Wahenga wetu walikwisha kusema: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Siku ile ya kwanza mahandaki ya umma yalikuwa machache mno. Watu wa miji mitatu iliyozunguka bandari, yaani Birgu, Senglea na Cospicua, walifunga vitu vyao, wakatwaa watoto, wakaelekea vijijini. Wengine katika mji mkuu wa Valletta waliingia katika pango la reli ya zamani, reli iliyokuwa imekwisha kufungwa tangu mwaka 1931. Wengine walishuka katika mabirika. Hapa twaomba msomaji wa Lamu na wa Mombasa asikilize vizuri, maana nyumba za kale za Malta, kama baadhi ya nyumba zetu, zilikuwa na mabirika ya kukingia maji ya mvua chini yake. Maji yalitolewa, ngazi ikachongwa, na mahali palipotunza maji ya familia pakaanza kutunza familia yenyewe. Katika jumba moja la Valletta liitwalo Casa Rocca Piccola, wageni hadi leo huteremshwa katika birika la namna hiyo.

Kisha watu wakaanza kuchonga. Mungu aliijaalia Malta mawe ya chokaa yaliyo laini wakati yanapochongwa, na ambayo huzidi ugumu yakipigwa na hewa. Mtu mwenye sururu na subira aliweza kuingia ndani ya mwamba kidogo kidogo, kila siku hatua chache. Waashi na wachimba mawe walikuwa wakitafutwa kama dhahabu. Palipokuwa na ukuta wa ngome za zamani, walichonga chini ya ngome. Palipokuwa na barabara, walipita chini ya barabara. Mjini Rabat, chini ya jumba ambalo sasa ni makumbusho, zilichongwa njia na vyumba vipatavyo 50, karibu kabisa na makaburi ya kale ya chini ya ardhi. Kijijini Mellieħa walichonga handaki la urefu wa karibu nusu kilomita.

Aliyewahi kuingia katika mojawapo ya mahandaki hayo huona mara moja kwamba hayakuchongwa kiholela. Kwanza, yana milango miwili au zaidi, ili mmoja ukifukiwa na kifusi watu wasizikwe wakiwa hai. Pili, njia haiendi moja kwa moja kutoka mlangoni. Hukata kona, kwa kuwa upepo wa bomu hukimbia kama maji katika mfereji, na kona huuvunja nguvu. Tatu, kutani mna vidaka, vile vile kama vidaka vya nyumba zetu za mawe, ila vyao havikuwekwa vyombo vya kaure. Viliwekwa mshumaa au taa ya mafuta, na pengine picha ya kuombea. Nne, sakafuni mna vijifereji vya kutoa maji, maana mwamba wa chokaa hutoa jasho usiku na mchana. Hayo yote yalifikiriwa na watu waliokuwa na haraka, na bado waliyafikiri vyema.

Januari 1941 Wajerumani nao waliingia katika mashambulizi. Meli kubwa ya Waingereza ya kubebea ndege, Illustrious, iliingia bandarini ikiwa imeumizwa, na mabomu yaliyoitafuta yaliiangukia Senglea na kuibomoa mitaa yake. Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa Aprili 1942 pekee, visiwa vile vidogo viliangushiwa takriban tani 6,700 za mabomu. Tarehe 7 ya mwezi huo jumba kubwa la maonyesho la Valletta lilibomolewa. Tarehe 15 mfalme wa Uingereza, George VI, alivitunuku visiwa vyote nishani ya ushujaa ambayo ingali katika bendera ya nchi hiyo. Hadi vita kwisha, ving'ora vilikuwa vimelia zaidi ya mara 3,000, na raia wapatao 1,500 walikuwa wamepoteza maisha. Ni hesabu ya kuhuzunisha, lakini kila anayeitazama idadi ya mabomu hustaajabu kwamba haikuwa kubwa zaidi. Mwamba ndio uliowahifadhi, baada ya rehema ya Mola.

Basi tuingie ndani, tutazame maisha yalivyokuwa, kwa sababu vitabu vya vita husimulia sana habari za marubani na manahodha, na safu hii ni ya familia.

Mama wa Malta wa mwaka 1942 alikuwa na nyumba mbili. Ya juu ilikuwa na jua, jiko, kitanda, na hatari. Ya chini ilikuwa na usalama, giza, unyevu, na jirani kila upande. King'ora kikilia, alikuwa na dakika chache tu za kuamua mambo mengi: mtoto gani abebwe na yupi atembee, chakula kilichomo motoni kiachwe au kichukuliwe, mzee asiyeweza kuteremka ngazi abaki na nani. Kikilia mara nne kwa siku, aliamua mara nne. Wengine walichoka kupanda na kushuka, wakahamia chini moja kwa moja, na magodoro yao yakaota ukungu.

Magonjwa hayakukawia. Upele ulienea, kwa kuwa maji na sabuni vilikuwa adimu na watu wamelala bega kwa bega. Mwishoni mwa mwaka 1942 ukazuka ugonjwa wa kupooza watoto, polio, na mama aliyemwokoa mwanawe na bomu akaanza kuogopa pumzi ya mtoto wa jirani. Na bado, katika makimbilio makubwa kama yale ya Mellieħa na Birgu, kilitengwa chumba maalumu cha kujifungulia. Watoto walizaliwa humo. Twaomba kila mama anayesoma maneno haya asimame kidogo hapa, akumbuke usiku wake mwenyewe wa uchungu, kisha afikirie mkunga anayefanya kazi kwa mwanga wa mshumaa huku vumbi la mwamba likidondoka kila bomu linapotua juu. Jumba la makumbusho la Birgu linaonyesha chumba kama hicho. Mtu huingia akakitazama, na hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kisha njaa. Malta haikuweza kujilisha yenyewe. Ngano, mafuta na makaa vilikuja kwa meli, na meli zilizamishwa. Mwezi wa Mei 1942 mgao wa mkate ulishushwa hadi takriban gramu 300 kwa mtu kwa siku, na mkate ndio uliokuwa chakula chao kikuu. Kwa kuwa kuni na mafuta ya taa vilikuwa haba, serikali ilifungua majiko ya umma. La kwanza lilianza kazi Januari 1942 katika kijiji cha Lija, na kufikia mwanzo wa mwaka uliofuata zaidi ya watu laki moja walikuwa wakila kutoka katika majiko hayo. Akina mama walisimama foleni na sufuria mikononi. Walipikiwa supu nyepesi ambayo wengi hawakuipenda, na malalamiko yalikuwa mengi. Lakini foleni ile ndiyo iliyowaweka hai.

Hapa historia ile yatugusa sisi wenyewe wa pwani hii. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Colombo, na kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi likarudi nyuma na kuweka makao yake Kilindini. Jengo la shule ya Allidina Visram, ambalo watoto wengi wa Mombasa wamelisomea, likatumiwa na wataalamu wa jeshi la majini waliokuwa wakifumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Mwezi wa Juni mwaka huohuo ulipofanywa msafara wa kupeleka chakula Malta kutokea Misri, baadhi ya manowari za kuulinda zilitolewa katika kundi hilo la Bahari ya Hindi. Msafara huo ulishambuliwa vikali ukalazimika kurudi. Mwingine uliotokea upande wa magharibi wakati uleule ulifikisha meli mbili tu kati ya sita. Hatimaye, Agosti 1942, msafara wa meli 14 za mizigo ulifikisha meli tano, ya mwisho ikiwa ni ile ya mafuta, Ohio, iliyoingia tarehe 15 huku ikishikiliwa na meli nyingine ubavuni ili isizame. Kisiwa kikapumua.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limetufanya tuandike makala haya. Katika mahandaki mengi ya Malta mna sehemu mbili. Ipo njia kubwa ya wote, ambapo kila mtu aliketi palipopatikana, na vipo vyumba vidogo vya watu binafsi vilivyochongwa kando. Familia iliyopata kibali, na iliyokuwa na fedha za kumlipa mchongaji au vijana wenye nguvu za kuchonga, ilijipatia chumba chake. Baadhi ya vyumba hivyo vilipakwa chokaa, vikawekwa milango, na sakafu zake zikapambwa kwa vigae. Mjane asiye na mtoto wa kiume, mgeni aliyehama kutoka bandarini, mzee mpweke, hao walibaki njiani, migongo yao ikigusa ukuta wenye unyevu.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wenye vyumba. Nani kati yetu, akiwa na uwezo, asingewatafutia wanawe mahali pa faragha? Sitara ya familia ni jambo tunalolithamini mno, na mama anayemnyonyesha mtoto mbele ya umati anajua uzito wake. Lakini mwamba ule haufichi kitu. Ukiingia leo, miaka themanini baadaye, kuta zenyewe zakuonyesha nani alikuwa nacho na nani hakuwa nacho. Nasi twajiuliza: mtaa wetu ungechongwa katika jiwe wakati wa dhiki, yaani wakati wa mafuriko, au wa moto, au wa maradhi kama yale yaliyotufungia majumbani mwaka 2020, wajukuu wetu wangesoma nini katika kuta zake? Wangekuta milango mingapi iliyofungwa, na mingapi iliyoachwa wazi kwa jirani? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na jirani ana haki yake juu yetu hata kabla dhiki haijafika.

Turudi juu ya ardhi. Yale ya chini yamefichwa na mwamba, lakini Malta ina mabaki mengine yaliyofichwa machoni pa watu. Tangu mwaka 1938, kwa hofu ya uvamizi wa kutokea baharini, Waingereza walijenga vibanda vingi vya zege vyenye kuta nene na matundu membamba ya bunduki. Vile vya mwanzo vilivishwa mawe ya kawaida ya mashambani ili rubani avidhanie ni sehemu ya ukuta wa shamba. Vya baadaye vilijengwa kwa haraka, na vingine vikapakwa rangi na kuchorwa madirisha na milango ya uongo ili vionekane ni nyumba za watu. Uvamizi haukuja. Vibanda vikabaki.

Kisha miji ikakua. Mahali palipokuwa shamba pakawa mtaa. Palipokuwa ufuo mtupu pakawa hoteli na maghorofa. Kibanda kilichokuwa peke yake shambani leo kimebanwa kati ya majengo, kimekuwa stoo, au kona ya bustani, au uchochoro ambao watoto huupitia mbio bila kuuliza ni kitu gani. Vingine vimevunjwa kupisha barabara na majengo. Chini ya ngome za Valletta, kwa upande mwingine, vile vyumba vya siri vya kuongozea vita, viitwavyo Lascaris, ambamo Julai 1943 majemadari waliongoza mashambulizi ya Sicily, vimekarabatiwa na kufunguliwa kwa umma. Na mabaki ya lile jumba la maonyesho la Valletta yaliachwa yakiwa magofu kwa miongo mingi. Mwaka 2013 yakafunguliwa tena yakiwa ukumbi wa wazi, nguzo zilizokatika zikiachwa zisimame jinsi bomu lilivyoziacha.

Je, lipi lililo bora: kuvunja au kuhifadhi? Kuna wasemao kwamba kumbukumbu ya vita ni kidonda, na kidonda hakiponi kikifunuliwa kila siku. Kuna wasemao kwamba kisiwa ni kidogo, vijana wanahitaji nyumba, na zege halina roho. Hoja hizo zina uzito, wala hatuzidharau. Si kila kibanda chaweza kubakizwa. Lakini twaona kwamba anayevunja pasipo kuandika huvunja mara mbili: huvunja ukuta, kisha huvunja habari ya waliosimama nyuma ya ukuta. Kupiga picha, kupima, kumhoji mzee mmoja aliyelala humo akiwa mtoto, hayo hayamzuii mjenzi hata wiki moja. Na tofauti yake ni kubwa, kwa maana kizazi kinachoijua dhiki ya waliokitangulia hakikimbilii ugomvi kirahisi.

Sisi wa Mombasa twalijua jambo hili kwa mfano ulio mlangoni petu. Fort Jesus iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16 ilikuwa ngome, ikabadilisha mikono mara nyingi kwa damu, ikawa gereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho. Leo wanafunzi huingia na daftari mahali walipoingia wafungwa na minyororo. Ukuta ni uleule, ila kazi imebadilika. Mtoto anayepelekwa pale na mzazi wake na kuelezwa ukweli wote, wa ushindi na wa mateso, hutoka akiwa mtu mzima kidogo zaidi kuliko alivyoingia.

Lakini ukuta peke yake hausemi. Husema mtu. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1942 leo amekwisha kupita miaka tisini. Kule Malta waliochongewa vyumba ndani ya mwamba wanaondoka mmoja mmoja, na huku kwetu pia wanaondoka waliokumbuka Kilindini ikijaa manowari. Yawezekana katika nyumba yako, msomaji, yumo nyanya aketiye kitandani na tasbihi mkononi, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Na kama si vita hivyo, basi ana vyake: mwaka wa njaa, mwaka wa mafuriko, mwaka wa kuhama.

Kwa hiyo twawaachia kazi ndogo ya wiki hii. Mkae na mzee mmoja baada ya Alasiri, na watoto wakiwepo, na simu zikiwa zimewekwa kando isipokuwa moja ya kurekodi, kwa idhini yake. Mmuulize maswali matatu. Wakati wa dhiki kubwa uliyoiona, mlikimbilia wapi? Mlikula nini? Na nani aliachwa nje? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo lenye faida kubwa zaidi. Msimharakishe. Akinyamaza, naye mwacheni anyamaze. Kunyamaza kwake ni sehemu ya jibu. Akilia, mshikeni mkono. Kisha andikeni aliyoyasema, tarehe na mahali, na karatasi hiyo muiweke pamoja na hati za nyumba, kwa maana nayo ni urithi.

Na mara nyingine mkipita katika mji wowote, uwe Mombasa, Valletta au kwingineko, mkaona ukuta mnene usiolingana na majengo yaliyo ubavuni mwake, au mlango mdogo wa chuma chini ya ngome, msiupite kama kipofu apitavyo bustani. Simameni mwaelezee watoto kwamba huenda nyuma yake mama fulani aliwahi kuwahesabu wanawe gizani kwa kuwagusa vichwa, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka akatosheka kuwa wote wamo.

Wapo akina mama wanaohesabu hivyo usiku huu tunapoandika, katika nchi zenye vita, na wengine hawana hata mwamba wa kukimbilia. Tusiwasahau katika dua zetu za baada ya Isha, wala katika sadaka zetu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape amani walio katika hofu, awarehemu waliotangulia, na azijaalie nyumba zetu, za juu na za chini, ziwe pahala pa usalama kwa wenyewe na kwa majirani.

Tukijaaliwa, tutaonana wiki ijayo. Wabillahi tawfiq.